Rixi Markus: Mkimbizi aliyegeuka malkia wa meza ya karata

MNAMO Machi 1938, majeshi ya Adolf Hitler yalipoingia Austria na kuitangaza nchi hiyo kuwa sehemu ya Ujerumani, maelfu ya Wayahudi wa jiji la Vienna walianza kutafuta njia ya kutoroka. Miongoni mwao alikuwemo mwanamke mwenye umri wa miaka 27, ambaye mwaka mmoja tu kabla ya hapo alikuwa ameiletea Austria ubingwa wa dunia.

Rixi Markus aliwasili London akiwa mkimbizi. Nchi aliyoiwakilisha haikuwepo tena, na mali aliyoiacha nyuma hakuwa na matumaini ya kuirejesha. Kilichobaki mikononi mwake ni ustadi wa kucheza bridge, mchezo wa karata ambao ungempa riziki, uraia mpya na jina kwa zaidi ya nusu karne.

Alizaliwa Juni 27, 1910, katika ukoo wa Scharfstein, kwenye mji wa Gura Humorului katika jimbo la Bukovina. Wakati huo eneo hilo lilikuwa chini ya milki ya Austria-Hungary. Leo liko Romania. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopamba moto, familia yake ilikimbilia Vienna, na huko ndiko alikokulia. Hivyo basi, safari ya 1938 ilikuwa mara yake ya pili kulazimika kuhama.

Mchezo wa akili

Wengi wasikiapo neno karata huwaza kamari. Bridge, hata hivyo, ni mchezo wa aina nyingine. Huchezwa na watu wanne, wawili dhidi ya wawili, na wenzi huketi wakitazamana. Karata zote 52 hugawanywa, kila mmoja akapata 13.

Kabla ya karata yoyote kutupwa mezani, hufanyika mnada. Kila mchezaji kwa zamu hutangaza idadi ya mizunguko ambayo yeye na mwenzake wanaahidi kushinda, na aina ya karata itakayokuwa turufu. Watakaotoa ahadi kubwa zaidi ndio watakaolazimika kuitimiza. Mmoja wao huziweka karata zake zote wazi mezani, na mwenzake akazicheza pamoja na zake. Wakishindwa kutimiza ahadi, wapinzani ndio wanaopewa alama.

Katika mashindano makubwa, karata zile zile zilizochezwa kwenye meza moja hupelekwa meza nyingine, zikachezwa na watu wengine. Anayehesabiwa kuwa mshindi ni yule aliyezitumia vyema kuliko mwenzake aliyepewa karata hizo hizo. Kwa utaratibu huo, nafasi ya bahati hupungua mno, na mchezaji dhaifu hawezi kulalamika kwamba aligawiwa vibaya.

Vienna ya miaka ya 1930 ilikuwa mojawapo ya vitovu vya mchezo huo duniani. Chini ya uongozi wa Paul Stern, timu ya wanawake ya Austria ambayo Markus aliichezea ilitwaa ubingwa wa Ulaya mwaka 1935 na tena 1936. Mwaka 1937 ilitawazwa bingwa wa dunia mjini Budapest, ambako timu ya wanaume ya Austria pia iliibuka mshindi. Miezi michache baadaye Wanazi waliivunja jumuiya hiyo ya wachezaji. Stern mwenyewe alikimbilia London.

Kuanza upya

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Markus alifanya kazi ya kutafsiri kwa Shirika la Msalaba Mwekundu. Baada ya vita ndoa yake ilivunjika. Akiwa mama wa binti mmoja katika nchi ya ugenini, alilazimika kujitegemea, na chombo alichokuwa nacho ni kile kile alichotoka nacho Vienna. Aliingia katika klabu za London ambako wachezaji huwekeana pesa, na ambako kosa la mchezaji humgharimu papo hapo.

Wahenga walisema elimu ni mali ambayo adui hawezi kuiteka. Mwaka 1950 Markus alipata uraia wa Uingereza, na mwaka uliofuata alikuwa katika timu ya wanawake ya nchi hiyo iliyotwaa ubingwa wa Ulaya.

Mwenzake mezani alikuwa Fritzi Gordon, ambaye pia alitoka Vienna. Wawili hao waliogopwa na wapinzani, nao wenyewe walijulikana kwa kukaripiana hadharani kila mmoja wao alipokosea. Licha ya ugomvi huo, waliendelea kucheza pamoja kwa miaka mingi. Walishinda mashindano ya dunia ya wanawake wawili wawili mwaka 1962 mjini Cannes, Ufaransa, na wakayashinda tena mwaka 1974 huko Las Palmas, Uhispania. Kati ya ushindi huo, walikuwa katika timu ya Uingereza iliyonyakua taji la wanawake katika Olimpiadi ya bridge ya 1964 mjini New York.

Mwaka huo wa 1974 Markus aliweka historia alipokuwa mwanamke wa kwanza duniani kupewa hadhi ya bingwa mkuu wa dunia katika mchezo huo. Mwaka uliofuata alitunukiwa nishani ya MBE, heshima ya dola ambayo miaka 37 awali ilikuwa imempokea kama mkimbizi.

Kalamu na karata

Markus hakutegemea meza pekee. Kuanzia mwaka 1955 alikuwa mwandishi wa safu ya bridge katika gazeti la The Guardian. Aidha, aliandika vitabu kadhaa, na ushauri wake ulifanana na namna alivyocheza: mchezaji awe jasiri wakati wa mnada, lakini akishaahidi, azicheze karata zake kwa tahadhari.

Alijua pia kuwavuta wakubwa mezani. Mwaka 1975 alianzisha pambano la kila mwaka kati ya wabunge wa Bunge la Makabwela na wenzao wa Bunge la Mabwanyenye la Uingereza. Wanasiasa waliokuwa wakikabiliana kwa hoja bungeni walijikuta wakipimana nguvu kwa karata, huku mwanamke aliyeingia nchini mwao akikimbia mauaji akiwa ndiye mwenyeji wao.

Rixi Markus aliaga dunia Aprili 4, 1992, akiwa na umri wa miaka 81. Fritzi Gordon, mwenzi wake aliyegombana naye kwa miaka mingi bila kumwacha, alifariki mwaka huo huo. Hadi kifo chake, baada ya miaka 37, Markus alikuwa bado ndiye mwandishi wa safu ya bridge ya The Guardian.