Safu ya Lugha: Kinyonga

Mwalimu wa sayansi huko Rangwi, wilayani Lushoto, akifikia somo la kuainisha viumbe hai hana haja ya kwenda mbali kutafuta reptilia. Milima ya Usambara Magharibi ina kinyonga wake, ambaye dume ana pembe mbili puani. Wanasayansi humwita Kinyongia multituberculata.

Litazame jina hilo la kwanza. Kwa miaka mingi kinyonga huyu na jamaa zake wa milima ya Afrika Mashariki waliwekwa katika jenasi ya Bradypodion, pamoja na vinyonga wa Afrika Kusini. Uchunguzi wa vinasaba ulipoonyesha kuwa undugu huo si wa karibu, mwaka 2006 wakatengewa jenasi yao. Tilbury, Tolley na Branch, walioipa jina, hawakukimbilia Kigiriki. Walichukua neno letu. Kwangu hilo ni jambo kubwa: mtoto wa Lushoto akifungua kitabu cha baiolojia, popote duniani, atakutana na neno la nyumbani kwao.

Sarufi nayo ina uainishaji wake. Kwa umbo, kinyonga yuko kundi moja na kiti na kisu. Lakini kwa kuwa ni mnyama tunasema "kinyonga amepanda mti", wala si "kimepanda". Mti wenyewe unakua, unapumua na kuzaa, ila Kiswahili hakiupi kiambishi hicho cha a-. Ningependa wanafunzi waulizwe kwa nini. Swali hilo litawafikisha haraka kwenye tofauti ya himaya ya mimea na himaya ya wanyama.