Abonema: kwa mwezi ao kwa mwaka? Namna ya kupanga bei bila kujipoteza

Katika miji yetu abonema zimekuwa nyingi: televisheni, intaneti ya kartie, kuokota takataka nyumbani. Canal+ watu wanailipa zaidi kwa mwezi. Mitueli za afya zinaomba muchango wa mwaka kwa kila mutu wa nyumba. Vijana wenye kuanzisha kazi yao wanaweza kutoa njia zote mbili, lakini lazima wapige hesabu kwanza.

Kwa nini njia mbili?

Muchuuzi wa soko anapata feza kidogo kidogo. Dola 3 kwa mwezi anaziweza, 36 mara moja hapana. Mwenye kuuza mavuno ao ngombe, yeye anaweza kumaliza mwaka wote siku moja. Lakini usiombe malipo ya mwaka katika mwezi wa 9: wazazi wako kwenye minervale na makayé ya watoto.

Kupunguza bei: hadi wapi?

Wengi wanasema: "Lipa miezi 10, upate 12." Tuchukue mufano wa takataka, dola 3 kwa mwezi. Anayelipa mwaka atatoa 30, ni kusema 2,50 kwa mwezi. Kama mazutu, mifuko na mushahara vinakula 2,60 kwa kila nyumba, unapoteza dola 1,20 kwa mwaka. Kwa nyumba 100, ni 120. Zawadi ya mwezi mumoja inatosha: dola 33, ni 2,75 kwa mwezi.

Feza ya mwaka ni deni

Hapa ndipo kazi nyingi zinaangukia. Feza ya miezi 12 inaingia, inanunua pikipiki, na mwezi wa 5 mazutu inakosa. Mwezi wa kwanza, toa 2,75 tu utumikie. 30,25 zinazobaki bado ni za muteja. Ziweke pembeni, ukate kila mwezi.

Mambo ya kuandika mbele ya kupokea

- Jina, avenue, kiasi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Aliyelipa tarehe 10 anamaliza tarehe 10, si mwisho wa mwezi.
- Dola ao franka? Kama ni franka, andika bei ya dola ya siku ile. Aliyekwisha kulipa mwaka haongezewe bei katikati.
- Resu, hata kama amelipa kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money. Ujumbe wa telefone unaonyesha feza imepita. Hauonyeshe imelipia miezi gani.
- Namna ya kurudisha. Nyumba imelipa 33, kazi inasimama kisha miezi 6. Kama ni wewe umesimamisha, rudisha nusu: 16,50. Kama ni muteja anahama, unaweza kuhesabu miezi 6 kwa bei ya kawaida, 18, na kumurudishia 15. Lakini iandikwe tangu mwanzo.

Wakati wa vita

Goma na Bukavu benki zilifunga mwaka 2025, na familia nyingi zilihama. Kwa hiyo, pale usalama haueleweke, miezi 3 ni njia ya katikati: muteja anaokoa safari za kulipa, na hakuna anayeshikilia feza nyingi ya mwenzake. Wewe muteja pia, mbele ya kutoa feza ya mwaka, uliza: siku wakisimama, nitarudishiwa ngapi, na imeandikwa wapi?