Kunasa Nanga na Sauti Pamoja

Watu wa Karagwe na Kyerwa wanacho chombo cha nyuzi kiitwacho nanga. Ni ubao uliochongwa kama kihori kidogo, na juu yake, kwa desturi, uzi mmoja mrefu hupitishwa huku na huku hata zipatikane nyuzi saba au nane. Mpigaji hugusa nyuzi kwa vidole, huku akiimba habari za wafalme na mashujaa. Mara sauti hunyamaza, nyuzi zikaendeleza habari. Kwa hiyo nanga na sauti si vitu viwili. Nataka kueleza jinsi watu walivyojaribu kuvihifadhi pamoja.

Waingereza Speke na Grant walifika Karagwe mwezi wa Novemba 1861, wakapokewa na Mfalme Rumanyika. Speke alipoendelea na safari, Grant alibaki kwa ugonjwa wa mguu mpaka Aprili 1862. Nanga imetajwa katika habari za safari yao. Lakini kalamu huweza kuhesabu nyuzi, haiwezi kuzipiga. Waimbaji wa siku zile hatutawasikia kamwe.

Mwaka 1877 Edison, huko Marekani, alibuni mashine ya kunasa sauti. Hata hivyo, mara nyingi mwimbaji ndiye aliyeifuata mashine. Siti binti Saad wa Unguja ilimpasa kuvuka bahari mpaka Bombay mwaka 1928 ili nyimbo zake zitiwe katika santuri. Tena upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu tu, hali utendi wa nanga huweza kuendelea muda mrefu sana. Kuukata kwa kipimo hicho ni sawa na kumwonjesha mgeni tone moja la rubisi, kisha kumwambia kwamba amekwisha kunywa.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mashine ikazidi kumfuata mwimbaji. Mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akinasa nyimbo za makabila mengi, Wahaya wakiwamo. Mwaka 1952, huko Jadotville katika Kongo, mji uitwao leo Likasi, alimnasa Mwenda Jean Bosco, aliyepiga gita na kuimba mwenyewe. Tracey alizoea kuishika maikrofoni mkononi na kuisogeza, apate mizani ya chombo na sauti.

Mizani hiyo ndiyo siri yote. Sauti ya mtu ina nguvu, na ya nanga ni ya upole. Umbali ukiongezwa mara mbili, nguvu ya sauti ifikayo hupungua hata kubaki robo. Basi maikrofoni ikiwekwa mbele ya kinywa, nyuzi hufifia. Ikiwekwa karibu na nanga, chini ya kifua cha mwimbaji, vyote viwili husikika. Wala haifai kunasa nyuzi leo na maneno kesho, kwa kuwa mwimbaji huongozwa na vidole vyake mwenyewe.

Katika mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria, na wapiga nanga wakakosa mabaraza yaliyowalisha na kuwasikiliza. Kwa bahati njema, utepe wa sumaku ulikuwa umekwisha kuja, nao haukukata wimbo katika dakika tatu. Profesa M. M. Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikusanya tendi za nanga za Wahaya, akazichambua katika tasnifu yake ya mwaka 1986.

Leo simu ya mkononi hunasa kwa saa nzima, nayo imo katika nyumba nyingi. Mzee hana haja ya kusafiri. Akae mahali alipozoea, jioni, mbali na redio na jiko. Mvua ikiwa karibu, nyumba ya mabati isitumiwe, maana kishindo chake kitaimeza nanga. Aombwe ruhusa kwanza, kisha aachwe aimbe mpaka mwisho bila kukatizwa.

Na kabla ya uzi wa kwanza kuguswa, atajwe jina lake, kijiji chake, tarehe, na jina la utendi. Wimbo usio na maneno hayo ni yatima: wajukuu watausikia, lakini hawatajua ni wa nani.