Mikisi ya Watabwa: urithi wa ukoo ao akiba ya feza?

Watu wengi wanatuuliza: sanamu ya mti inaweza namna gani kuwa mali sawa na nyumba ao zahabu? Sisi watu wa Moba tuko na jibu ndani ya historia yetu wenyewe.

Kwa wazee wetu Watabwa, mikisi ilikuwa sanamu za wahenga. Juu ya miili yao walichora balamwezi, zile pembetatu za kukumbusha mwezi mpya unaoandama. Sanamu haikuwa bidhaa ya soko. Mtemi aliyeitunza alionyesha kwamba yuko na ukoo, na kwamba utawala wake una mizizi.

Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga kituo cha Mpala, kando ya ziwa. Desemba 1884 watu wake walishambulia kijiji cha mtemi Lusinga, wakamwua, wakamkata kichwa. Sanamu ya wahenga wake ikachukuliwa, ikapelekwa Ubelgiji. Katika miaka ya 1930 mjane wa Storms aliitoa kwa makumbusho ya Tervuren. Hakuna bei iliyolipwa kwa wenyewe: ilikuwa nyara ya vita.

Basi, matajiri wa Ulaya na Marekani wananunua nini hasa? Mwaka 2014, kule New York, sanamu moja ya Wasenufo wa Afrika ya Magharibi ilipigwa mnada kwa zaidi ya dola milioni 12. Mti wenyewe si kitu. Wanalipia uzuri, uzee, na habari: ilitoka wapi, ilipita mikononi mwa nani. Lakini sanamu haizai faida kila mwaka kama feza ya banki. Mwenye kuiweka anangoja tu mnunuzi mwingine. Tena za uongo ni nyingi. Ndiyo maana ile isiyo na historia inashuka bei.

Kumbe, sehemu kubwa ya thamani yake ni habari, na habari za mwanzo ziko kwetu. Mchuuzi akipita kijijini na kulipa kidogo, anabeba sanamu pamoja na majina ya wahenga. Mwaka 2022 Ubelgiji ilitunga sheria ya kufungua njia ya kurudisha vitu vilivyochukuliwa wakati wa ukoloni. Atakayedai ataulizwa: ni ya ukoo gani?

Kwa hiyo tuwaulize wazee wangali hai, tuandike majina, vijiji na koo. Na iliyobaki nyumbani isiuzwe pasipo ukoo mzima kukaa kikao.