Sabuni ya kichanga: niliyoyakuta nyuma ya boksi la pinki

Samahanini kwa ukimya. Kisa ni dada yangu.

Dada anatarajia mtoto wake wa kwanza. Majuzi kanipigia simu: "Mdogo wangu, wewe si ndiyo mwandishi wa habari? Hebu niulizie basi, nguo za kichanga zinafuliwa kwa sabuni gani?" Nikajua hiyo ni kazi ya dakika tano. Nikaenda dukani. Nikakuta boksi la pinki lenye picha ya mtoto anayecheka, bei yake karibu mara tatu ya sabuni ya unga ya kawaida ya uzito uleule. Limeandikwa kwamba ni laini kwa ngozi ya mtoto. Laini kivipi? Nikamuuliza muuzaji. Akacheka, akasema, "Soma hapo hapo, limeandikwa."

Nikarudi nyumbani nikaanza kuchimba. Zile dakika tano zimegeuka wiki nzima.

Tuanzie kwetu pwani. Neno lenyewe sabuni tumelipata kwa Waarabu. Katika karne ya 19, wafanyabiashara kutoka Marseille, Ufaransa, walikuwa wakija Zanzibar kununua ufuta na mbata. Mafuta yake yalikwenda kwenye viwanda vya sabuni. Kwa hiyo kipande cha sabuni kilichofua nguo za kitoto kule Ulaya huenda kilianzia kwenye mnazi wa Unguja.

Kanuni ya sabuni ni ya kale: chukua mafuta, changanya na magadi au maji ya majivu, chemsha. Kilichobadilika ni ukubwa wa kazi. Mwaka 1791 Mfaransa Nicolas Leblanc alipata hati ya uvumbuzi wa namna ya kutengeneza magadi kwa kutumia chumvi ya kawaida. Mwaka 1823 mwenzake, Michel Eugène Chevreul, akachapisha kitabu kilichoeleza mafuta yameundwa na nini na hugeukaje kuwa sabuni. Mwaka 1884 Mwingereza William Lever akasajili jina Sunlight, na sabuni iliyofungwa kwenye karatasi yenye jina ikaenea duniani. Sabuni ya mche anayoisifu Mama ("nyinyi wote nimewafulia hiyo, mbona hamjafa?") ni ya ukoo huo huo.

Mama ana haki kiasi. Lakini sabuni ya mche ina udhaifu mmoja ambao mtu yeyote anayetumia maji ya kisima Dar anaujua: kwenye maji ya chumvi haitoi povu. Badala yake inafanya utando mweupe unaoganda kwenye beseni na kwenye nguo. Nguo ikikauka inakuwa ngumu. Sasa mvalishe mtoto wa siku tatu nguo hiyo. Kuwa ya asili siyo lazima kuwe ndiyo kuwa laini.

Udhaifu huo, pamoja na uhaba wa mafuta, ndio uliozaa sabuni za kisasa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Ujerumani iliishiwa mafuta, na wanakemia wake wakatafuta kitu cha kufulia kisichotokana nayo. Mwaka 1933 kampuni ya Procter & Gamble ya Marekani ikaleta Dreft, unga uliofanya kazi hata kwenye maji magumu. Tatizo lake ni kwamba haukuwa na nguvu. Ulifaa kwa vyombo na nguo nyepesi, siyo kwa suruali ya fundi gereji. Mwaka 1946 kampuni hiyo hiyo ikatoa Tide, yenye nguvu kweli. Dreft je? Baada ya muda ikapata kazi mpya: ikatangazwa kuwa ni sabuni ya nguo za watoto. Yaani unyonge wake ukageuzwa kuwa sifa! Sisemi ni uongo, maana nguo ya kichanga kwa kawaida haina tope. Ninachosema ni kwamba maneno kwenye boksi nayo yana historia yake.

Halafu zikaja sabuni zenye vimeng'enya, vile vinavyovunja madoa ya damu na maziwa. Mwaka 1969 ikaripotiwa Uingereza kwamba wafanyakazi wa kiwanda waliokuwa wakivuta vumbi la vimeng'enya hivyo walipata matatizo ya kifua. Viwanda vikaanza kuvifunika ndani ya punje ili visipeperuke. Hofu ilibaki, ikahama kutoka kifua cha mfanyakazi hadi ngozi ya mvaaji, ingawa uchunguzi wa baadaye haukuonyesha kwamba nguo iliyosuuzwa vizuri inaleta madhara hayo. Marashi ya sabuni yana sababu zaidi ya kuogopwa, kwa kuwa ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana sana kwa kuleta mzio wa ngozi.

Mpaka hapo nilikuwa na jibu zuri la kumpa dada. Halafu nikakutana na visa vitatu.

Cha kwanza, Uingereza, 1886. Daktari aitwaye Rayner aliandika kuhusu watoto wachanga waliogeuka rangi ya bluu. Chanzo hakikuwa sabuni. Nepi zao zilikuwa zimepigwa mhuri wa wino wenye rangi ya anilini, na rangi ile ilipenya ngozi ikaharibu uwezo wa damu kubeba hewa.

Cha pili, St. Louis, Marekani, 1967. Kwenye hospitali ndogo ya wazazi, vichanga walianza kutoka jasho jingi, homa, na kuhema kwa shida. Wawili walifariki. Ikagundulika kwamba dobi la hospitali lilitumia, kwenye maji ya mwisho ya kusuuzia, dawa iliyokuwa na kemikali ya kuzuia ukungu iitwayo pentaklorofenoli, tena kwa kiasi kikubwa kupita kawaida. Nepi na mashuka yalionekana masafi kabisa. Sumu ilikuwa kwenye kile kilichobaki.

Cha tatu ndicho kilichoninyima usingizi. Ugiriki, 1963. Madaktari Valaes, Doxiadis na Fessas waliripoti vichanga 21 ambao chembe nyekundu za damu zao zilivunjika, wakapata manjano kali. Wawili walifariki. Nguo na mablanketi yao yalikuwa yamehifadhiwa na naftalini, vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo na mende. Wengi wa watoto hao walikuwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD kwenye damu. Upungufu huo ulitambuliwa mwaka 1956 kwenye utafiti wa dawa ya malaria, primakwini, na unapatikana zaidi kwa watu waliotoka maeneo yenye malaria. Yaani kwetu.

Kwa nini nikose usingizi? Kwa sababu kuna sanduku la chuma chini ya kitanda cha Mama. Ndani yake zimo nguo zetu za utotoni, sweta aliloshona bibi, na blanketi la njano. Mama amezitunza miaka yote kwa ajili ya mjukuu wa kwanza. Na kila pembe ya sanduku lile ina vidonge vyeupe.

Nikampigia. "Shikamoo Mama." "Marahaba mwanangu." Nikaeleza taratibu, hadi Ugiriki. Akanyamaza. Kisha akasema, "Kwa hiyo miaka yote hii nimetunza sumu?" Sikuwa na jibu zuri. Nikamwambia hapana, umetunza nguo, ila mtoto asizivae. Akasema sawa. Nilimsikia anavuta pumzi.

Dada naye nimemjibu hivi. Nunua sabuni isiyo na marashi makali, iwe na picha ya mtoto au isiwe nayo. Tumia kidogo. Suuza mara mbili au tatu, mpaka maji yatoke bila povu. Nguo mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa. Usitie dawa ya ziada kwenye maji ya mwisho, na naftalini isikae kabisa kabatini kwake. Ukiona macho au ngozi ya mtoto inakuwa ya njano, usisubiri, nenda hospitali.

Boksi la pinki sikulinunua. Jumamosi iliyopita Mama alifika kwa dada na kanga mbili mpya. Alizifua mwenyewe uani, akazisuuza mara tatu, akazianika juani. Sanduku amelitoa vidonge, akaliacha wazi barazani.

Ni hayo tu kwa leo. Na wewe, hebu kachungulie sanduku la mama yako.