Rais wa Kanisa aliyefia mafichoni



Hapa Dodoma mjadala wa ndoa ya wake wengi hauishi. Leo umo kwenye kikao cha harusi, kesho umo kilabuni, Jumapili umo kanisani. Wiki hii napenda tuutazame kwa kupitia historia ya watu walio mbali nasi, Wamormoni wa Marekani, kwa sababu yaliyowapata yana funzo kwetu.

Mwaka 1852, wakiwa wamehamia nyika za Utah, Wamormoni walitangaza hadharani kwamba ndoa ya wake wengi ni sehemu ya dini yao. Bunge la Marekani liliipiga marufuku mwaka 1862, lakini ndoa iliyofungwa kwa siri ni vigumu kuithibitisha mahakamani. Ndipo ikaja sheria ya mwaka 1882. Hiyo ilifanya hata kuishi na wake zaidi ya mmoja kuwa kosa, adhabu yake kifungo kisichozidi miezi sita au faini isiyozidi dola 300, au vyote viwili. Msako ukaanza.

Tarehe 1 Februari 1885, Rais wa Kanisa hilo, John Taylor, alihubiri mjini Salt Lake City, kisha akatoweka. Kwa karibu miaka miwili na nusu aliongoza waumini wake kwa barua, akihama nyumba hadi nyumba. Alifia mafichoni huko Kaysville, tarehe 25 Julai 1887, akiwa na umri wa miaka 78. Msaidizi wake, George Q. Cannon, alikamatwa mwaka 1886, akapewa dhamana ya dola 45,000, akaikimbia. Mwaka 1888 alijisalimisha mwenyewe na kufungwa. Wanaume zaidi ya 1,000 walipita gerezani.

Hao ni wakubwa. Lakini wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Mimba ya mke wa pili iligeuka kuwa ushahidi, hivyo wanawake wajawazito nao walikimbia na kujificha. Wake waliokataa kutoa ushahidi dhidi ya waume zao, baadhi yao walifungwa. Sheria ya mwaka 1887 ikalivunja Kanisa, ikachukua mali zake, na ikawanyang'anya wanawake wa Utah haki ya kupiga kura waliyokuwa nayo tangu mwaka 1870. Hatimaye, Septemba 1890, Rais mpya, Wilford Woodruff, ambaye naye alikuwa amejificha, alitoa tamko la kusimamisha ndoa hizo. Mwaka 1896 Utah ikawa jimbo kamili.

Sasa turudi nyumbani. Katika miaka hiyo hiyo wamisionari wa Kianglikana walikuwa Mpwapwa, katikati ya watu ambao kila mke alikuwa na nyumba yake ndani ya tembe la mume. Mwaka 1888 maaskofu wao walikutana Lambeth, London, wakaamua kwamba mwenye wake wengi asibatizwe, abaki mwanafunzi wa dini tu. Ilipita miaka 100 kamili, hadi mwaka 1988, ndipo mkutano kama huo ulipokubali abatizwe pamoja na wake zake na watoto wake, ila asiongeze mke mwingine. Lakini mke aliyekwisha kurudishwa kwao ili mume apate ubatizo, uamuzi huo ulimsaidia nini?

Taifa letu lilichagua njia nyingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haikumsaka mtu. Iliitambua ndoa ya mke mmoja na ya wake wengi, ikampa mke haki ya kupinga ndoa mpya ya mumewe, na ikasema wake wote wana hadhi sawa mbele ya sheria.

Sisemi kwamba ndoa ya wake wengi ni njema. Machozi yake tunayajua. Ninachosema ni kwamba mke anayejificha hawezi kudai matunzo wala urithi wa wanawe, kwani akijitokeza anamfunga mume. Kwa hiyo, atakayetaka kuirekebisha sheria yetu aulize kwanza swali hili: mke wa pili na watoto wake, ambao tayari wapo, watalala wapi?

Hadi wiki ijayo, kwaherini.