Sauti Iliyotoka Chuoni: Redio ya Mji wa Madison

Mji wa Madison, ulio makao makuu ya jimbo la Wisconsin huko Marekani, umejengwa juu ya kipande chembamba cha nchi kavu baina ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Na kwa kuwa Chuo Kikuu cha jimbo hilo kimekuwapo hapo tangu 1848, mgeni aghalabu hupata taabu kupambanua chuo kinakomea wapi na mji unaanzia wapi. Katika historia ya redio mji huu umevuma kwa sababu ya ushindani wa fahari, maana watu wa Pittsburgh hudai kuwa utangazaji ulizaliwa kwao, Novemba 1920, stesheni ya KDKA ilipotoa matokeo ya uchaguzi wa rais, na watu wa Madison huwajibu kuwa yao ndiyo kongwe. Mimi siuoni mzozo huo kuwa na faida kubwa. Linalostahiki kuandikwa ni nani hasa aliyekusudiwa asikie, kwa kuwa katika jambo hilo Madison ilishika njia yake na haikuiacha.

Asili ya stesheni hiyo ya Madison ni maabara ya fizikia ya chuo, alimokuwa akisomesha Profesa Earle Terry. Stesheni ya majaribio, iliyojulikana kwa alama ya 9XM, ilianza Desemba 1916 kupeleka kila siku habari za hali ya hewa kwa alama za Morse, kwa shauri la Eric Miller, mtaalamu wa mambo hayo ambaye afisi yake ilikuwa hapo hapo chuoni, na ambaye alijua vyema kwamba mkulima aliye mbali na mji, gazeti likimfikia siku ya pili, huwa sakitu imekwisha kumuunguzia mazao. Lakini Morse ni lugha ya wachache, na Terry alitaka mkulima asikie maneno. Taa za kioo za kupelekea sauti, zenye nguvu aliyoihitaji, hazikuwa zikiuzwa madukani. Basi yeye na wanafunzi wake wakazitengeneza wenyewe: kioo kikapulizwa, nyaya zikatiwa ndani, hewa ikafyonzwa kwa pampu saa nyingi mfululizo, kisha taa ikajaribiwa, na mara nyingi ikaungua papo hapo, na kazi ikaanza upya. Miongoni mwa wanafunzi hao alikuwamo Malcolm Hanson, ambaye baadaye alifuatana na msafara wa mvumbuzi Byrd mpaka katika barafu ya Ncha ya Kusini akiwa mkuu wa mitambo ya redio. Vita vilipoifikia Marekani katika 1917, serikali ikaamuru stesheni za watu binafsi na za majaribio zifungwe, lakini ya Madison ikaruhusiwa kuendelea, ikifanya kazi pamoja na jeshi la majini katika kituo chake cha Great Lakes. Habari za hewa zikaanza kusomwa kwa sauti kwa ratiba Januari 1921, na mwaka uliofuata stesheni ikapata jina lake la WHA.

Yafaa kueleza kwa nini mkulima aliiamini sauti hii, kwani watu wa mashamba si wepesi wa kuwasadiki maprofesa. Katika 1890 Stephen Babcock, mwalimu wa chuo hicho hicho, alivumbua kipimo cha mafuta yaliyomo katika maziwa, ambacho kilimwezesha mfugaji kulipwa kwa haki na kikamfichua aliyetia maji, naye akakataa kukifanya mali yake. Mkuu wa chuo, Charles Van Hise, akaja kuifanya tabia hiyo kanuni: aliwaambia watu wazi mwanzoni mwa karne ya 20 kwamba hatatosheka mpaka manufaa ya chuo yafike katika kila nyumba ya jimbo. Redio ilikuta ahadi imekwisha kutolewa, ikawa ndiyo chombo cha kuitekeleza.

Utekelezaji huo ulidhihiri zaidi kuanzia 1931, chini ya uongozi wa Harold McCarty, ilipoanzishwa Skuli ya Hewani ya Wisconsin. Skuli nyingi za mashamba wakati huo zilikuwa chumba kimoja na mwalimu mmoja, aliyelazimika kusomesha madarasa manane na kila somo, awe na kipaji cha muziki au asiwe nacho. Sasa saa ikifika, mwalimu yule aliifungua redio, na Edgar Gordon, aliyependwa kwa lakabu ya Pop, akawaimbisha watoto wa vijiji vingi kwa wakati mmoja; na majira ya kuchipua yalipowadia, maelfu yao waliletwa Madison, wakakusanyika katika jumba la chuo la kuonyeshea ng'ombe, ili waimbe pamoja mbele ya mtu ambaye hadi siku hiyo walimjua kwa sauti tu. Wakelin McNeel, kwa jina la Ranger Mac, aliwafunza habari za ndege, miti na udongo. Na James Schwalbach alifundisha uchoraji, jambo ambalo hudhaniwa haliwezekani kwa redio: alisimulia hadithi, akaitia muziki, kisha akamwachia kila mtoto achore alichokiona moyoni mwake, bila ya kielelezo cha kunakili. Nadhani hakuna kipindi kilichoifahamu redio zaidi ya hicho, maana upungufu wake wa macho ndio aliougeuza kuwa darasa.

Watu wazima nao hawakusahauliwa. Aline Hazard aliongoza kipindi cha mama wa nyumbani kwa miongo mitatu. Aldo Leopold, alipoingia chuoni katika 1933, aliwahutubia wakulima juu ya wanyama wa mwituni katika mashamba yao. Na katika uchaguzi wa 1932 vyama vyote vya siasa, vikubwa na vidogo, vilipewa nafasi hewani bila ya malipo, insafu ambayo stesheni za biashara hazikuielekea.

Haya yote yalitendeka katika dhiki. Vyuo zaidi ya mia viliwahi kuwa na stesheni katika miaka ya 1920, na nyingi zilikufa baada ya tume ya serikali iliyoundwa 1927 kuzipendelea za biashara katika kugawa mawimbi. WHA ilisalimika, ila ikalazimishwa kunyamaza jua likichwa, ambapo katika majira ya baridi ya kaskazini ni mapema mno, wakati mkulima ndiyo kwanza anatoka zizini. Jimbo likaamua kujenga msururu wake wa stesheni za FM, ambazo hazikufungwa na amri hiyo, kuanzia 1947, na kwa njia hiyo likaupata usiku.

Katika skuli mojawapo ya mashambani, karibu na milingoti ya WHA, alikuwa akisoma mtoto aitwaye Bill Siemering, aliyesikiliza masomo hayo ya hewani, akaja kufanya kazi katika stesheni yenyewe alipokuwa mwanafunzi wa chuo. Redio ya umma ya Marekani nzima, NPR, ilipoundwa katika 1970, yeye ndiye aliyeandika waraka wa makusudio yake, na yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa vipindi wa kwanza ilipoanza kurusha habari zake za jioni tarehe 3 Mei 1971.